Mwezi, Mshtarii, kivuli au kimondo: mradi upi wa astronomia unakifaa kikundi chenu?

Mambo huwa hivi. Mwalimu anaandika ubaoni: watu watano, utafiti, bango, wiki sita. Kengele inalia, na kabla hamjafika mlangoni mmoja wenu keshasema, "Tufanye mashimo meusi!" Wote mnaitikia. Wiki ya tano inafika, mna kurasa nane mlizozitoa kwenye intaneti na picha ya kuvutia ambayo vikundi vingine vitatu navyo wanayo. Shimo jeusi ni mada tamu, sikatai, ila hakuna atakayelipima akiwa Tabata.

Nimewahi kukaa upande wa wanafunzi na upande wa wasimamizi, na vikundi nilivyoviona vikikwama mara chache vilikwama kwa ugumu wa mada. Vilikwama kwa sababu mmoja anakaa Bunju, wa pili Mbagala, wa tatu Gongo la Mboto, na mada waliyoichagua inawataka wote wawe uani kwa mtu mmoja saa tatu usiku. Nani atamrudisha nani nyumbani?

Kwa hiyo hapa naweka mezani mada nne zinazofanyika Dar es Salaam bila maabara: mwezi na maji ya bahari, miezi ya Mshtarii (sayari ya Jupiter), kivuli cha jua la mchana, na kimondo cha Mbozi. Zote zinaweza kuzaa bango zuri, na zote nimeona mtu akiziharibu.

Vigezo kwanza

Cha kwanza ni anga na vifaa. Anga ya Dar ina tabia zake: masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba huleta mawingu ya siku mfululizo, na hata usiku mkavu unyevu wa bahari ukichanganyika na taa za jiji humeza nyota hafifu. Kipupwe, Juni hadi Agosti, ndicho chenye huruma. Cha pili ni muda, yaani siku za kupima, kabla hamjahesabu siku za kuandika. Cha tatu, ambacho mimi nakipa uzito kuliko vingine, ni mgawanyo wa kazi: je, kila mmoja anaweza kuleta kipimo chake mwenyewe, au wanne watamtazama mmoja akifanya kazi? Cha nne ni bango: litakuwa na mchoro hata mmoja uliotoka kwenye daftari lenu? Cha tano ni mtego, lile kosa ambalo kila mada huwaalika watu walifanye.

1. Mwezi na maji ya bahari

Swali lake ni fupi: bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, huja lini hasa ukilinganisha na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na kwa siku moja maji hujaa saa ngapi?

*Anga na vifaa.* Macho, simu, daftari, na jedwali la kujaa na kupwa kwa bandari ya Dar es Salaam. Mkiweza kufika ufukweni, chagueni nguzo au ngazi moja iliyosimama majini, mwekeni alama kila sentimita 20, mpige picha ya sehemu ileile kila siku. Mawingu hayawaui: mwezi ukijificha siku mbili, mchoro wenu bado una siku nyingine kumi na tatu.

*Muda.* Mwezi hurudi sura ileile baada ya siku 29.5. Siku 15 zinatosha kupata bamvua moja na kipindi kimoja cha maji mafu, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo, lakini mzunguko mzima ndio unaoshawishi.

*Mgawanyo wa kazi.* Hapa ndipo mada hii inapong'ara. Anayekaa Kigamboni, Msasani au Kunduchi anapima maji. Anayekaa Kimara au Gongo la Mboto anachora sura ya mwezi kila jioni kutoka uani kwao. Wa tano anakwenda soko la samaki la Feri asubuhi, anamwamkia mvuvi mkongwe, "Shikamoo mzee," kisha anauliza bamvua ya mwezi huu itaangukia lini. Mzee hatafungua simu. Atahesabu tangu mwezi ulipoandama, na jibu lake mtaliandika kama data, mlipime dhidi ya jedwali. Mkiwa na wazee watatu na majedwali ya mwezi mmoja, tayari mna sehemu ya bango ambayo hakuna kikundi kingine kitakuwa nayo.

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu mada hii ina siri ambayo michoro mingi ya darasani haiisemi. Mchoro tuliouzoea unaonyesha bahari imevimba moja kwa moja chini ya mwezi. Ukiuamini, siku ya mwezi mpevu maji yangejaa usiku wa manane, mwezi ukiwa juu kabisa. Nenda ufukweni uone. Siku za bamvua hapa kwetu maji hujaa karibu na saa kumi, ya alfajiri na ya alasiri, na hupwa karibu na saa nne. Yamechelewa kwa muda wa kama saa nne nzima! Sababu ni kwamba maji hayaruki hewani kumfuata mwezi. Yanasafiri kama wimbi refu ndani ya beseni lenye kina na kingo zake, yakizuiwa na mabara. Hata bamvua yenyewe hufika kilele siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwandamo. Kikundi kinachogundua ucheleweshaji huo kwa vipimo vyake kimefanya utafiti wa kweli.

Mengine yataingia yenyewe: mvuto wa jua unaosukuma maji ni karibu nusu ya ule wa mwezi, kwa hiyo vikisaidiana tunapata bamvua yenye tofauti ya zaidi ya mita 3 kati ya kujaa na kupwa, na vikikinzana tunapata maji mafu. Na kila siku maji hujaa kama dakika 50 baadaye kuliko jana, kwa sababu mwezi nao umesogea kwenye njia yake.

*Bango.* Grafu moja ndefu ya kimo cha maji siku kwa siku, na chini yake safu ya michoro ya mwezi iliyochorwa kwa mkono.

*Mtego.* Kuandika hitimisho kabla ya kupima, maana "kila mtu anajua" mwezi huvuta bahari. Mtego wa pili hauna utani: maji ya bamvua yakianza kurudi juu ya mwamba yanakuja haraka. Msiende peke yenu, msiende usiku.

*Inawafaa* watu waliotawanyika mjini, wenye subira ya mwezi mmoja, na angalau mmoja wao anakaa karibu na maji.

2. Miezi ya Mshtarii

Kiswahili kina mzaha wake hapa: "mwezi" ni ule wa angani, ni wa kalenda, na pia ni wa sayari nyingine. Kwenye bango andikeni "miezi ya Mshtarii" kwa ukamilifu kila mara, la sivyo mgeni atadhani mnazungumzia mwaka wa huko.

*Anga na vifaa.* Darubini ya mkono ya macho mawili, 7x50 au 10x50, iliyoegemezwa ukutani au kufungwa kwenye stendi ya kamera ili isitetemeke. Mshtarii inang'aa kiasi kwamba taa za Kariakoo haziizuii. Wingu moja tu ndilo linaloizuia. Lakini angalieni kalenda. Dunia hupita kati ya jua na Mshtarii kila baada ya miezi 13 hivi: ilikuwa hivyo Januari 10, 2026 na itakuwa tena Februari 2027. Tangu hapo hadi miezi michache baadaye sayari hii inaonekana jioni, upande wa kaskazini. Julai na Agosti 2026 imejificha kwenye mwanga wa jua. Yaani kipupwe kinawapa anga safi, sayari haipo.

*Muda.* Miezi mikubwa ni minne: Io huzunguka kwa siku 1.77, Europa 3.55, Ganymede 7.15 na Callisto 16.69. Usiku kumi wenye anga wazi ndani ya wiki tatu unatosha kwa ile ya ndani. Callisto inahitaji zaidi.

*Mgawanyo wa kazi.* Hapa ndipo mambo yanapokuwa mazito. Kikundi kimoja ninachokifahamu kilikuwa na darubini moja, ya mjomba wa mmoja wao. Mwenye darubini alichora usiku kumi na mbili. Wenzake wanne walipokea picha kwenye simu, na siku ya kuwasilisha kila swali la mwalimu liliishia kwake. Sikuwalaumu. Wazazi gani wa Mbagala watamruhusu binti yao awe Tabata saa tatu usiku mara kumi? Kwa wanafunzi wa bweni hali ni tofauti kabisa: wote wako pamoja, na mwalimu wa zamu akikubali, zamu za kuchora zinapangika.

*Bango.* Zuri kuliko yote manne, nasema wazi. Galileo alichora vinukta hivi Januari 1610, na nyinyi mtapanga usiku wenu juu kwa chini, vinukta vinne vikicheza kushoto na kulia, hadi jicho la mtazamaji lione mawimbi. Kisha hesabu: chukueni siku za mzunguko mzizidishe kwa zenyewe, mgawanye kwa umbali × umbali × umbali, ukipimwa kwa nusu-kipenyo cha Mshtarii. Io, siku 1.77 na umbali 5.9, inatoa kama 0.0153. Callisto, siku 16.69 na umbali 26.3, inatoa karibu 0.0153. Kanuni ya mwanaastronomia Kepler, kwamba hesabu hii hutoa jibu lilelile kwa kila mwezi, imesimama mbele ya macho yenu.

*Mtego.* Kufungua Stellarium kabla ya kuchora. Programu hiyo ni ya bure na inaonyesha kila mwezi uko wapi dakika hii, kwa hiyo mkono wako utachora ilichosema. Chora kwanza, andika saa, ndipo ufungue kulinganisha. Tofauti mtakazoziona msizifute.

*Inawafaa* wa bweni, majirani wa mtaa mmoja, au kikundi chenye darubini mbili na zaidi, katika msimu ambao sayari ipo.

3. Kivuli cha jua la mchana

Fimbo ya mita 1, wima, na kivuli chake kifupi kuliko vyote kwa siku. Watu huidharau mada hii kwa sababu haina darubini. Mimi naiona ndiyo yenye maajabu ya Dar hasa, kwa kuwa tuko nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta na jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka.

*Anga na vifaa.* Fimbo, rula, saa, na timazi ya fundi mwashi ili fimbo isimame wima kweli. Mawingu yakitanda saa sita mnapoteza siku hiyo tu.

*Muda.* Inategemea mnaanza lini, na hili wengi hawalijui. Mkianza Septemba 1 kivuli kina kama sentimita 27. Kikifika Oktoba 10 hivi kimeisha, fimbo inasimama bila kivuli. Mkianza mwanzoni mwa Juni, wiki sita nzima zitawapa mabadiliko ya sentimita 3 tu, maana jua limefika mwisho wa safari yake ya kaskazini na linageuka polepole. Siku nyingine ya kivuli kuisha ni karibu na Machi 3. Desemba 21 mtapata kama sentimita 30 kikielekea kaskazini, Juni 21 kama 58 kikielekea kusini.

*Mgawanyo wa kazi.* Saa sita mchana wote mko shuleni. Hakuna nauli, hakuna ruhusa ya mzazi. Kila mmoja ana siku yake ya wiki. Mkiwa na ndugu au rafiki Mtwara, mnapata hatua ya pili: naye apime siku hiyohiyo. Mtwara iko karibu nyuzi 3.5 kusini kwetu na karibu kwenye mstari uleule wa kaskazini-kusini, kama kilomita 380 ukipima kaskazini-kusini tu. Kwa tofauti ya pembe za vivuli vyenu mnaupata mzingo wa dunia, njia ileile aliyoitumia Eratosthenes, mtaalamu Mgiriki wa kale, kule Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Ila kosa la nyuzi moja litawatupa mbali kwa zaidi ya robo, kwa hiyo pimeni kwa milimita.

*Bango.* Grafu ya kivuli kikishuka hadi sifuri, na picha ya wanakikundi wamesimama kiwanjani siku ya jua la utosi, kila mmoja amekikanyaga kivuli chake.

*Mtego.* Kupima saa sita kamili. Saa yetu inafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, na Dar iko kama 39.3, kwa hiyo jua hufika juu kabisa karibu saa sita na dakika 23 kwa wastani; mwanzoni mwa Machi ni saa sita na dakika 35, Oktoba 10 ni saa sita na dakika 10. Pimeni kila dakika tano na mchague kifupi. Jambo jingine: ncha ya kivuli itakuwa na ukungu wa karibu milimita 9, kwa kuwa jua ni duara lenye upana wa nusu nyuzi. Amueni mapema mtapima katikati ya ukungu, na wote mpime hivyo. Jua lenyewe msilitazame.

*Inawafaa* wasio na kifaa chochote, wa shule ya kutwa, wanaoanza Februari au Septemba.

4. Kimondo cha Mbozi

*Anga na vifaa.* Hakuna anga inayohitajika. Maktaba, intaneti, mizani ya gramu.

*Muda.* Wiki mbili mkijitahidi.

*Mgawanyo wa kazi.* Rahisi kwenye karatasi, hatari kwenye matendo: mmoja historia, mmoja kemia, mmoja ramani, na mwishoni mnabandika vipande vitano visivyojuana.

*Bango.* Habari yenyewe ni nzito. Kwenye kilima cha Marengi, mkoani Songwe, karibu kilomita 900 kwa barabara kutoka hapa, kimelala kipande cha chuma kutoka angani chenye urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, kikijulikana kwa wanasayansi tangu 1930. Karibu asilimia 90 yake ni chuma, na takriban asilimia 9 nikeli. Kilicho kikubwa kuliko vyote vilivyojulikana, Hoba cha Namibia, kina kama tani 60. Ili msibaki mkinakili, fanyeni kipimo: pimeni uzito na ujazo wa nati na bolti, mpate kuwa sentimita moja ya ujazo ya chuma ina karibu gramu 7.8, kisha mkokotoe kimondo kizima kina ujazo gani. Ni kama mita za ujazo 2 tu. Tengenezeni sanduku la maboksi lenye ujazo huo, mliweke kando ya bango, mwone watu watakavyobisha kuwa haliwezi kuwa na tani 16.

*Mtego.* Kunakili, bila shaka. Pia neno lenyewe: "kimondo" kwetu ni jiwe lililotua na pia ni ule mwanga unaochoma anga usiku. Elezeni mnasema kipi. Na msikwepe swali ambalo kila mtazamaji atauliza, kwamba shimo liko wapi. Halionekani, na maelezo ya kawaida ni kuwa kilianguka zamani sana, mmomonyoko ukafuta alama.

*Inawafaa* wenye muda mfupi, wasioweza kutoka, na wanaopenda kusimulia.

Kuhusu bango lenyewe, kwa kifupi

Manila na makapeni bado vinatosha. Bango la kuchapwa la A1 linapendeza ila steshenari huwa na foleni siku mbili kabla ya tarehe ya kukusanya, na flashi yenye virusi haimjui mtu. Chochote mtakachochagua, mtu aliyesimama hatua tatu aone grafu yenu kabla ya kichwa cha habari.

Mkiwa katika hali hii, fikirieni hivi

Mmetawanyika mjini na ni masika: chukueni mwezi na bahari, jedwali litawabeba siku za mvua kubwa. Kama hakuna anayekaa karibu na maji, msijilazimishe kwenda ufukweni kila siku. Tumieni jedwali kwa vimo vya maji, nguvu zenu ziende kwenye kuchora mwezi na kuwahoji wavuvi.

Shule ya kutwa, mfuko mtupu, Septemba: kivuli, bila kujiuliza mara mbili. Juni: kivuli kinawezekana ikiwa tu mna mwenzenu Mtwara, kwa sababu pembe mbili za siku moja hazijali kama jua linasogea polepole.

Bweni, darubini ya kuazima, Januari hadi Aprili 2027: Mshtarii, na mpange zamu kwa maandishi.

Imebaki wiki mbili na nusu ya kikundi imesafiri: kimondo, pamoja na lile sanduku.

Na kama mnasita kwa sababu hakuna hata moja inayowagusa, kuna jambo dogo la usiku mmoja la kujaribia. Wahenga walisema kilimia, kile kikundi kidogo cha nyota, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Chagueni Ijumaa moja ya Januari isiyo na mwezi, saa mbili usiku, kila mmoja ahesabu nyota za kilimia akiwa uani kwao. Wa Kariakoo akirudi na mbili na wa Chanika na sita, fungueni ramani ya jiji mwanze kuijaza kwa hesabu hizo.